Mzee Népomuscène na Maji ya Saa Tisa

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Népomuscène Ntirampeba anatimiza miaka thelathini na mitatu na miezi kumi ya kusoma kipimo cha maji ya mto Rusizi, na kesho hatarudi tena kazini. Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli. Anaondoka akiwa mzee mwembamba mwenye baiskeli. Kamati ya sherehe iliniomba kurasa mbili zenye furaha kwa ajili ya programu hii. Kurasa zimezidi kidogo, na furaha nimeitafuta kadiri nilivyoweza. Atakayeona nimechoka hajakosea.

Mimi ni Mwavita, wengi mnaniita Mama Chance. Tangu mwaka 2009 nachapa takwimu za Ofisi ya Vipimo vya Mto na Ziwa hapa Rohero, mjini Bujumbura. Kwa wageni wasioijua kazi yetu, kusoma kipimo ni hivi: kwenye daraja la barabara ya Gatumba kuna ubao mrefu wa chuma uliosimamishwa majini, umechorwa sentimita kama rula ya shule. Msomaji anakwenda, anatazama maji yamegusa namba gani, anaandika kwenye fomu. Saa moja asubuhi mara moja, saa sita mchana mara moja, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Fomu zinakuja kwangu, mimi nazichapa, na kutokana na hizo ofisi inawaambia watu wa tambarare mto uko wapi na unaelekea wapi.

Kwa hesabu yangu Mzee Népo amesoma mto huu karibu mara elfu ishirini na tano. Katika miaka yote hiyo amekosa siku kumi na moja tu: tisa za harusi na misiba, mbili za malaria. Hata hizo mbili alimtuma mkewe, Mama Caritas, na Mama Caritas alisoma vizuri, ila aliandika kwenye nafasi ya maelezo kwamba mumewe ni mbishi na hataki kunywa dawa. Fomu hiyo ninayo. Sijaichapa sehemu hiyo, lakini sijaitupa pia.

Alianza kazi kwa baiskeli kutoka kwao Mutanga Nord, akishuka mji mzima kabla jua halijawaka. Baadaye ofisi ikapata gari la kuwapeleka wasomaji, baadaye gari likakosa vipuri, likapata vipuri, likakosa mafuta. Baiskeli haikukosa kitu. Miaka ya vita, wakati tambarare ya Rusizi haikuwa mahali pa kutembea na daftari mkononi, alikuwa akisimama kwenye kizuizi akiwaeleza askari kwamba anakwenda kuangalia maji. Mara ya kwanza walimcheka, mara ya pili walimpekua, mara ya tatu walianza kumuuliza mto umeamkaje. Kuna kipindi yeye ndiye aliyekuwa raia pekee anayepita pale kila siku, na ukiangalia fomu za miaka ile hutajua kulikuwa na vita. Namba zimenyooka vilevile.

Mnaopenda vichekesho mnakisubiri kile cha kiboko, basi nakitoa. Mwaka 2003 kiboko mmoja alizoea kuja kujikuna mgongo kwenye ubao wetu wa chuma hadi ukapinda. Mzee Népo akaandika kwenye maelezo: ubao umepinda sentimita nne, kiboko amejikuna. Ofisini palikuwa na bwana mmoja mpenda barua, akamjibu kwa maandishi kumtaka aeleze ni hatua gani zimechukuliwa dhidi ya mhusika. Jibu la Mzee Népo liko kwenye faili hadi leo: mhusika ameonywa kwa mdomo, kutoka mbali. Bwana yule hakuandika tena kwa mwezi mzima.

Sasa niingie kwenye mto wenyewe, maana bila mto mtu huyu haeleweki.

Alipoanza kazi, Rusizi ilikuwa na tabia mbili tu, na kila mtoto wa Gatumba alizijua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto unajaa na kuwa mwekundu kwa udongo. Kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Septemba, unapungua hadi ng'ombe wanakanyaga mchanga katikati. Lakini mto huu unatoka ziwa Kivu, na kule juu, upande wa Bukavu, kuna mabwawa ya umeme. Bwawa haliongezi maji wala haliyapunguzi, linayabadilishia ratiba. Maji ambayo yangeshuka masika yanazuiwa kidogo, yale ya kiangazi yanaachiliwa kidogo kidogo ili taa ziwake. Mwaka wa ukame, kule juu wanabana, na huku chini tunabaki na mchanga. Mwaka wa mvua nyingi kupita kiasi, Kivu ikishiba, hakuna wa kubana kitu, na yote yanatujia pamoja na ya milimani kwetu.

Hayo yote ofisi iliyajua. Ambalo hatukulijua, au hatukutaka kulijua, alilijua Mzee Népo kuanzia kiangazi cha mwaka 1996.

Alikuwa amebaki mtoni baada ya kusoma saa sita, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Kandambili zake aliziweka kwenye jiwe kavu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia, na wiki sita mvua haijanyesha popote. Alipogeuka saa tisa, kandambili zinaelea. Alifikiri ameibiwa akili. Kesho yake akabaki tena, na kesho kutwa tena. Kila siku ni vilevile: saa nane na nusu maji yanaanza kupanda, saa tisa na kitu yamefika juu, jioni yanashuka. Asubuhi yanapokuja kusomwa yametulia, kama vile hakuna kilichopita.

Aliwauliza madereva wa malori wanaotoka Bukavu, akapata jibu kwa vipande vipande. Jioni, Bukavu na miji mingine ikiwasha taa na kupika, mabwawa yanafungulia maji mengi ili mashine zizunguke. Maji hayo yanashuka korongoni, yanaingia tambarare, yanatembea usiku kucha na asubuhi yote, yanatufikia siku ya pili saa tisa. Mzee Népo alikuwa akiwaambia wavuvi: "Watu wa Bukavu walipika jana, siye tunalowa leo." Alifika mahali pa kubashiri. Kukiwa na mechi kubwa ya mpira kwenye televisheni, kesho yake anasogeza baiskeli juu zaidi, na hakukosea mara nyingi.

Basi akaanza kusoma mara tatu. Hakuna aliyemtuma. Gari la ofisi lilipokuwepo lilirudi mjini saa sita na nusu, kwa hiyo wenzake wakipanda gari yeye anabaki, halafu anarudi Mutanga kwa baiskeli juani. Na hapa ndipo penye kosa letu, kosa la watu wa ofisi hasa, sidhani kama mkulima angelifanya. Fomu ina visanduku viwili tu, cha saa moja na cha saa sita. Ilichorwa zamani na mtu aliyetaka wasomaji wawe mezani kwa chakula cha mchana. Mzee Népo, kwa heshima yake, hakutaka kuiharibu fomu ya serikali. Namba mbili za visanduku aliziandika kwa wino, na ile ya saa tisa akaiandika pembeni kwa penseli.

Sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipoingia ofisi hii ni kwamba penseli si namba. Kilichoandikwa kwa wino kinachapwa, cha penseli ni mawazo ya mtu. Nilichapa wino karibu miaka kumi na sita.

Nifanye haraka niliseme na hili, maana nikilikwepa leo sitalisema tena. Mwaka 2013 tulitakiwa kutoa nakala safi za fomu kwa wageni fulani wa mradi. Zile namba za pembeni zilikuwa zinachafua nakala. Nikachukua kifutio, nikafuta penseli ya Julai na Agosti, siku sitini na mbili, nikijisifu kwa usafi. Mzee Népo alipoziona aliniambia, "Mama Chance, mi sigombanangi na mutu. We chapa tu ile ya wino." Mwezi uliofuata penseli yake ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi inakaribia kutoboka. Nilidhani amebadilisha penseli.

Kwa miaka mingi maji ya saa tisa hayakumdhuru mtu, kwa sababu yalipita ndani ya njia yake. Yanapanda, yanashuka, nani anajali. Kilichobadilika ni ziwa. Tangu mvua za 2019 na 2020 Tanganyika imepanda hadi imeingia barabarani, imeingia mashuleni, imekaa kwenye nyumba za watu kama mgeni asiyeaga. Mto ukifika mdomoni unakuta ziwa limejaa na haliupokei. Unarudi nyuma, unatandaza. Hapo ndipo sentimita thelathini za saa tisa zinapotoka kwenye njia na kuingia mlangoni kwa mtu.

Kiangazi cha 2021 watu waliohamishwa na mafuriko walituuliza swali moja tu, lile la kila mwaka: turudi lini? Ofisi ikatazama jedwali. Jedwali likasema maji yameshuka vizuri. Tukatoa karatasi kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 12 Julai wakazi wa mtaa wa pembeni mwa mto wanaweza kurudi kwenye viwanja vyao. Karatasi niliichapa mimi, Shefu Valéry, mkuu wa ofisi yetu, akaisaini, muhuri ukapigwa. Hakuna aliyedanganya. Kila namba iliyokuwemo ilikuwa ya kweli, saa moja na saa sita.

Kuna mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, na chai karibu na daraja, anaitwa Lubna, wengi wenu mmekunywa chai yake. Alikuwa anaishi hemani na mama yake mzazi, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Alipoipata karatasi alimwendea Mzee Népo, kwa kuwa wamezoeana. Mzee akamwambia, "Ngojea kwanza, mama yangu. Maji haijamaliza. Njoo saa tisa nikuonyeshe." Lubna saa tisa ndio saa ya biashara, wavuvi wanatoka majini, hakwenda. Akamjibu vile ambavyo mimi pia ningemjibu: "Mzee, hii karatasi iko na muhuri. We uko na penseli tu, wallahi."

Akajenga upya kuta za chini kwa rukarakara, yale matofali mabichi ya kukausha juani, maana ndiyo yaliyo mfukoni mwa mtu wa kawaida. Wakahamia tarehe 24 Julai. Kila siku saa tisa maji yakawa yanakuja kulamba mguu wa ukuta, na jioni yanaondoka. Lubna yuko sokoni, haoni. Bibi, yule mama yake, anaona, lakini alidhani ni maji yale yale yanayomaliza kukauka. Jumatano tarehe 4 Agosti, bibi amejilaza mchana, ukuta ukamwangukia. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Ila nyonga ilivunjika, na tangu siku hiyo hajasimama kwa miguu yake.

Mzee Népo ndiye aliyesaidia kumtoa, alikuwa pale pale mtoni akisoma. Kisha, akiwa na tope hadi kifuani, alirudi kwenye ubao akaandika namba ya siku hiyo. Nimeiona. Ni namba kama zingine, mia nne kumi na tisa, haina hata alama ya mshangao.

Hakutulaumu. Mimi ningepiga kelele hadi wakubwa wa Gitega wasikie. Yeye alikuja ofisini amevaa shati la kanisani, akaomba jambo moja: fomu iongezwe kisanduku cha tatu. Shefu Valéry alimsikiliza vizuri, ni mtu muungwana, akasema tutaona. Mwaka 2022 Mzee akaomba tena, tukasema tutaona. Mwaka 2023 wafadhili walituletea mashine inayojisomea maji yenyewe, ya umeme wa jua, inaweza kusoma kila robo saa mchana na usiku. Fundi akauliza tunataka isome saa ngapi. Tulikuwa tumesimama pale sote, wenye digrii na wasio na digrii, na tulichofanya ni kumpa fomu. Akaiweka isome saa moja na saa sita. Mzee Népo alinyoosha mkono. Tulifikiri anaogopa mashine itamnyang'anya kazi, tukampigapiga begani.

Mvua za mwaka uliofuata mnazikumbuka, sina nguvu ya kuzisimulia. Aprili na Mei 2024 alisomea kwenye mtumbwi, maana ubao ulikuwa umezama hadi sentimita za mwisho, akaongeza ufito na kuuchora kwa misumari. Na Februari mwaka huu, watu wa kwetu ng'ambo, upande wa Bukavu, walipokuwa wakikimbia vita na kuukimbilia mto wakiwa na watoto mgongoni, yeye alisimama ukingoni akiwapigia kelele wavuke asubuhi, wasivuke alasiri. Wengi hawakumjua ni nani. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, na alivuka asubuhi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Januari, kamati ya sherehe ilimuuliza anataka zawadi gani. Tulikuwa tumefikiria kiti cha kupumzikia. Alishukuru, akasema viti anavyo. Akasema yeye anaondoka, mahali pake hapaajiriwi mtu kwa sababu mashine ipo, na fomu za zamani zimeshapangiwa kutolewa stoo ili mbolea iwekwe. Kama hatutajali, anaomba zile namba za penseli zichapwe kabla ya mwezi wa sita. Kamati ikatazamana. Halafu wote wakanitazama mimi.

Nimechapa tangu Machi. Miaka ishirini na tisa ya saa tisa, zaidi ya namba elfu kumi, nyingine zimefifia hadi nikaziinamisha dirishani ili nione mkwaruzo wa penseli. Macho yamekwisha, bega la kulia limekwisha, Chance amejifunza kupika wali mwenyewe. Mzee alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya saa tisa kukaa karibu nami na kunisomea yasiyosomeka. Tulipofika 2013 nilimwambia hapa kuna shimo, na shimo hili ni langu. Akasema anajua. Akaniuliza kama nina chai.

Kazi imekwisha Alhamisi iliyopita. Na sasa inaonekana wazi, hata kwa asiyesoma hesabu: tangu ziwa lipande, kila kiangazi maji ya saa tisa yanayazidi ya saa sita kwa sentimita thelathini hadi arobaini. Jedwali letu la wino lilikuwa linawarudisha watu nyumbani mwezi mzima kabla ya wakati.

Wiki hiyohiyo niliagizwa nichape karatasi ya mwaka huu, ya kuwaambia watu warudi lini. Inatakiwa kutoka keshokutwa, tarehe 2 Julai. Nimeichapa na safu tatu. Shefu Valéry aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaniambia, kwa sauti ya mtu ambaye naye hajalala vizuri siku nyingi, "Mama Chance, tukiweka safu ya tatu, watu watauliza kwa nini haikuwepo mwaka ule." Nikamwambia ndiyo, watauliza. Akasema tutaona baada ya sherehe. Karatasi iko mezani kwake, haina saini, na chini yake kuna ile ya safu mbili ambayo mtu mwingine ameichapa, inayosema watu warudi siku hiyohiyo ya tarehe 2.

Siwezi kumlaumu sana. Nilikuwa na kifutio mkononi kabla yake.

Lakini juzi nilipita Gatumba, na pembeni mwa mto watu wameshaanza kukanyaga udongo wa rukarakara. Wamezianika safu kwa safu juani. Lubna ni mmoja wao. Amechoka na hema, na mama yake amechoka zaidi.

Nilipompelekea Shefu rasimu ya programu hii ili aipitie, aliniambia wasifu wa mstaafu hauhitaji saini, nipeleke tu kwa mchapaji. Basi hauhitaji saini. Kwa hiyo naliandika hapa, na nakala mia moja na hamsini ziko mikononi mwenu, nyingine mkononi mwa viongozi wa mtaa waliokaa safu ya pili, na moja mkononi mwa Lubna aliyekaa mbele:

Msirudi tarehe 2 Julai. Jana saa sita mchana ubao ulisoma mia tatu tisini na moja, mkiuona mtasema mto umelala. Saa tisa na dakika kumi ulisoma mia nne ishirini na tisa. Kwa namba za miaka minne ya mwisho, maji ya saa tisa hayatatoka kwenye viwanja vya chini kabla ya wiki ya pili ya Agosti. Atakayejenga kabla ya hapo, ukuta wake utaloweshwa kila siku akiwa hayupo. Asiyeamini karatasi, na mwaka huu nitamwelewa, aende asimame kwenye kiwanja chake saa tisa aone kwa macho yake.

Na wewe Lubna, karatasi ya mwaka ule niliichapa mimi. Namba iliyokuwa inakuhusu ilikuwa mbele yangu kwa penseli, nikairuka. Nakuomba msamaha, wewe na bibi. Sikuja kwako miaka minne kwa sababu ya aibu, na hiyo si sababu.

Mzee Népomuscène, wenzako wa ofisi wanakushukuru kwa utumishi wako, kwa ucheshi wako, kwa kutotupigia kelele tulipostahili kupigiwa. Nenda ukakae na Mama Caritas, unywe dawa ukiambiwa, ulale mchana kama watu wengine. Mungu akupe miaka mingi na magoti ya kuibeba.

Kesho ni sikukuu ya Uhuru, ofisi imefungwa. Mashine itasoma saa moja na saa sita, halafu itanyamaza. Saa tisa usijisumbue kushuka, Mzee wangu. Nitakuwa darajani mimi.

Mwavita, Mama Chance
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Ofisi ya Vipimo vya Mto na Ziwa, Bujumbura